Mgonjwa aambiwe mwenyewe, au waambiwe jamaa zake?

Mwanakwetu_Tanga aliuliza:

Ndugu wana jukwaa, nawasalimu nyote kwa heshima. Naomba fikra zenu juu ya jambo lililoigawa familia yetu, na ambalo naamini limekwisha kuzigawa familia nyingi nyingine. Baba yetu, mtu mzima aliyevuka miaka sabini, amepimwa na kukutwa na saratani ya kongosho ambayo imekwisha kusambaa hadi kwenye ini. Majibu yalipotoka, daktari aliwaita baba mdogo na kaka yetu mkubwa akawaeleza wao. Mgonjwa mwenyewe aliambiwa kwamba ana vidonda tumboni na kwamba atatumia dawa kwa muda mrefu.

Dada yetu anayeishi Toronto alipopata habari hizi alishikwa na uchungu mkubwa. Kwake yeye, mwili ni wa baba na maisha ni ya baba, hivyo sisi tuliopokea majibu yake na kukaa nayo kimya tumemdhulumu. Baba mdogo naye anasema kwamba kumtamkia mtu mzima aliye kitandani kuwa hatapona ni kumwua kabla ya siku yake, na kwamba kazi ya ndugu ni kuubeba mzigo huo ili mgonjwa abaki na tumaini. Nimewasikiliza wote wawili na sioni nia mbaya kwa yeyote kati yao. Ninachotaka kukielewa ni hiki: imekuwaje watu wawili wanaompenda mzee mmoja, mmoja akauona ukatili katika kunyamaza, na mwingine akauona katika kusema?

Nimesoma kidogo maandishi ya mwanaanthropolojia wa Marekani, Edward T. Hall, aliyeeleza katika miaka ya 1970 kwamba zipo jamii ambazo maana ya mazungumzo huwekwa karibu yote ndani ya maneno yenyewe, na zipo jamii ambazo sehemu kubwa ya maana huachiwa hali, vyeo, undugu na kimya cha wazungumzaji. Kwa kipimo hicho, nadhani sisi tungewekwa katika kundi la pili. Maelezo hayo hayanitoshi, kwa sababu dada amelelewa nyumba moja na sisi, na kwa sababu baba mwenyewe ndiye ambaye mtaani kwetu hutumwa kupeleka habari za msiba. Anajua namna mfiwa anavyokalishwa kwanza, anavyopewa maji, na anavyoambiwa kwamba mgonjwa wake amezidiwa ilhali ameshafariki, ili afike nyumbani salama. Mtu wa namna hiyo tunaweza kumficha nini? Naomba wenye ujuzi wa hospitali, na walioishi katika jamii nyingine, wanisaidie.

Muuguzi_Shufaa alijibu:

Pole sana ndugu yangu, na utufikishie salamu zetu kwa mzee. Nimefanya kazi kwa miaka mingi katika wodi za wagonjwa wa saratani, na sasa niko katika tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza maumivu na kumsimamia mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponyeki tena. Naomba nianze na dhana moja ambayo, kwa maelezo yako, naona dada yako na baba yako mdogo wanaikubali wote wawili ijapokuwa wanabishana: kwamba kusema wazi ni tabia ya Wazungu na kuficha ni tabia yetu.

Mwaka 1961 daktari Donald Oken aliwauliza madaktari zaidi ya 200 wa hospitali moja ya Chicago kama huwa wanamwambia mgonjwa kwamba ana saratani, na karibu asilimia 90 walijibu kwamba hupendelea kutomwambia. Sababu walizozitoa zingeweza kutoka kinywani mwa baba yako mdogo, kwa kuwa walisema mgonjwa atapoteza tumaini na ukweli utamwumiza bila kumponya. Wala hawakuwa wanabuni jambo jipya, maana kanuni za kwanza za chama cha madaktari wa Marekani, za mwaka 1847, ziliwaonya madaktari kwamba maisha ya mgonjwa yanaweza kufupishwa na maneno ya daktari sawasawa na matendo yake. Dodoso lile lile la Oken liliporudiwa katika hospitali nyingine ya Marekani na matokeo yake kuchapishwa mwaka 1979, asilimia 97 ya madaktari walisema hupendelea kumwambia mgonjwa. Ndani ya miaka 18 taifa lile lile, lenye lugha ile ile na dini zile zile, liligeuka likaelekea upande wa pili.

Kilichogeuka hapo katikati ni mambo yanayoweza kuonekana. Dawa za saratani zilianza kuwapa nafuu baadhi ya wagonjwa, na daktari mwenye kitu cha kutoa huona wepesi wa kuutaja ugonjwa. Kesi za Nuremberg, ambako madaktari wa Kinazi walishtakiwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, zilikuwa zimeudhihirishia ulimwengu kwamba daktari asiyeulizwa anaweza kutenda maovu makubwa kwa jina la elimu. Mahakama za Marekani zilianza kudai kwamba mgonjwa aelezwe hatari za matibabu kabla ya kuyakubali, na mwaka 1973 chama cha hospitali za nchi hiyo kikatoa tamko la haki za mgonjwa. Kwa hiyo dada yako, anaposema kwa lugha ya haki, anasema kwa lugha iliyoundwa na historia hiyo, na ni lugha ambayo imewafaa watu wengi.

Japani ilichukua njia ndefu zaidi. Mfalme Hirohito alipokuwa akiugua hadi kufariki tarehe 7 Januari 1989, hakuambiwa kwamba ana saratani, na jina la ugonjwa lilitangazwa rasmi baada ya kifo chake. Hata mwaka 1995 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba daktari aliyeshuku saratani ya kifuko cha nyongo, lakini akamwambia mgonjwa wake kuwa ana vijiwe, hakuwa amevunja wajibu wake. Leo hali ya huko ni tofauti sana na ilivyokuwa wakati huo, na Wajapani hawakuacha kuwa Wajapani.

Nasi tumekwisha kupita mageuzi ya namna hiyo, ila hatuyahesabu. Wenye umri wangu wanakumbuka jinsi Ukimwi ulivyozungumzwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa kunong'onezana na kwa tangazo la kifo lililosema tu kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu. Ushauri nasaha ndio uliotufundisha hospitalini kumweka mtu faraghani, kumwuliza anajua nini na yuko tayari kwa lipi, kisha kumpa majibu yake yeye mwenyewe. Mfanyakazi huyohuyo wa afya anayefanya hivyo katika chumba cha vipimo vya VVU hutoka nje na kumwita baba mdogo pembeni linapokuja suala la saratani. Tofauti hiyo haitokani na utamaduni wa Mswahili. Upande mmoja tulijenga utaratibu, upande mwingine hatujaujenga.

Jambo la mwisho ni la wodini. Mgonjwa anayefichwa huwa anajua, au anajua kiasi cha kumtisha. Dar es Salaam, kwa miaka mingi, mtu akishapewa rufaa ya kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani, hahitaji kuambiwa neno la ziada, kwa sababu jina la mahali pale limekwisha kumwambia, na waliokaa kwenye benchi kando yake humwambia yaliyobaki. Nimewaona wengi walioamua kunyamaza ili wasiwavunje moyo watoto wao, wakati watoto nao wamenyamaza ili wasimvunje moyo mzee, na kila upande ukalia peke yake.

Mkalimani_Arizona alijibu:

Shikamoo dada Muuguzi, na pole sana ndugu mwuliza. Mimi ni mkalimani wa hospitali huku Arizona, na wengi ninaowatumikia ni wakimbizi kutoka Kongo na Burundi wanaozungumza Kiswahili. Hospitali za huku zinazopokea fedha za serikali zinatakiwa kisheria kumpatia mgonjwa asiyejua Kiingereza mkalimani, na kanuni ya kazi yetu inatutaka tufikishe kila kinachosemwa, bila kuongeza wala kupunguza. Basi fikiria hali hii, ambayo hunikuta mara kwa mara: wana wa mgonjwa wananisubiri ukumbini na kuniomba kwa machozi nisimwambie mama yao, na ndani yupo daktari anayejiandaa kumtazama mama machoni na kumweleza yote, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa kuonyesha heshima.

Swali lako kuhusu dada yako lina jibu la sehemu katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1995 katika jarida moja la kitabibu la Marekani. Watafiti wa Los Angeles waliwauliza wazee 800, wenye umri wa miaka 65 na zaidi, kama mgonjwa aambiwe kwamba ana saratani iliyosambaa. Wamarekani wenye asili ya Ulaya waliosema aambiwe walikuwa asilimia 87, na Wamarekani Weusi asilimia 88. Wenye asili ya Mexico walikuwa asilimia 65, na wenye asili ya Korea asilimia 47. Watu husoma tarakimu hizo wakaishia kusema kwamba Wakorea huficha. Mimi nazisoma kwa namna nyingine, kwamba hata miongoni mwa Wakorea karibu nusu walitaka mgonjwa aambiwe, na hata miongoni mwa wenye asili ya Ulaya zaidi ya mmoja katika kila kumi hakutaka. Ukimwona mzee wa Kikorea mlangoni, asili yake haikuambii yuko nusu ipi. Utafiti huo pia ulionyesha kwamba Wakorea na Wameksiko waliozoea zaidi maisha ya Marekani waliielekea zaidi rai ya kusema wazi, na hapo ndipo ninapomwona dada yako. Malezi yenu ni mamoja, ila yeye ameishi mahali ambapo kumnyamazia mtu mzima hueleweka kuwa ni kumfanya mtoto.

Katika toleo hilohilo la jarida lile kulikuwa na utafiti mwingine, wa watu wa jirani zangu huku. Wanavajo, ambao ardhi yao imeenea Arizona, New Mexico na Utah, wana fundisho wanaloliita hózhó, linalokusanya uzuri, mpangilio, afya na upatanifu wa mtu na ulimwengu wake. Wengi wao huamini kwamba mawazo na maneno hayaelezi tu mambo, bali huyaleta. Daktari anayemwambia mgonjwa wa Kinavajo kwamba anaweza kufa katika upasuaji, kwa nia njema ya kumpa haki yake ya kujua, mbele ya msikilizaji huyo anakuwa ametamka jambo linaloweza kumdhuru. Tangu Desemba 1991 sheria ya Marekani ilizitaka hospitali zimfahamishe kila mgonjwa mtu mzima haki yake ya kuandika mapema maagizo ya matibabu yake endapo hatajiweza, na wengi waliohojiwa waliona mazungumzo hayo kuwa ya hatari na yasiyofaa kabisa. Kilichonigusa ni njia ambayo watafiti haohao waliipendekeza baadaye: daktari asimtaje mgonjwa aliye mbele yake, aseme habari ya mtu mwingine aliyewahi kuugua hivyo, na mgonjwa atachukua anachotaka kuchukua. Nilipolisoma nilimkumbuka kila mzee wa pwani aliyewahi kunionya kwa kisa cha mtoto wa jirani.

Kwa hiyo siku hizi, kabla hatujaingia chumbani, ninamweleza daktari kile ambacho familia imeniomba, na kumshauri aanze kwa kumwuliza mgonjwa mwenyewe kama anapenda kupokea habari zake, au angependa azipokee nani. Nimefikisha majibu ya kila namna. Yupo mama aliyejibu, "Niambie mimi, watoto hawa bado wadogo." Yupo na mzee aliyejibu, "Zungumza na mwanangu, mimi nitasikia kwake." Huyu wa pili hakunyang'anywa haki yoyote, kwa sababu aliitumia kwa kuikabidhi.

Bin_Lamu alijibu:

Assalaam alaykum. Nimewasoma kwa makini, na ningependa kuongeza upande ambao haujaguswa. Mnaizungumzia desturi yetu kana kwamba yote iko upande wa baba mdogo. Mimi nimelelewa katika desturi hiyo, na nimefundishwa kinyume.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba haifai kwa Mwislamu mwenye kitu cha kuusia alale usiku wa pili bila wasia wake kuwa umeandikwa. Mtu atauandikaje kwa utulivu akiwa anaamini kwamba ana vidonda vya tumbo? Tuna deni, ambalo mtu huomba asiondoke nalo duniani. Tuna kuombana radhi, ambako kunataka aliyekosa na aliyekosewa wote wawe hai. Nimehudhuria maziko ambapo wadai walijitokeza kaburini na watoto hawakujua lolote, na nimeona ndugu wawili wa mama mmoja wakiachana na kinyongo kwa sababu yule mgonjwa alikuwa akiahidiwa kila siku kwamba mwezi ujao atakuwa mzima. Hayo ni madhara, na walioyasababisha walikuwa watu wanaompenda mgonjwa.

Tena wazee wetu walijua namna ya kulifikisha jambo. Hakutumwa kijana, wala hakutumwa mtu mwenye cheo cha serikali. Alitumwa mtu wa rika la mgonjwa, aliyeaminiwa naye, akaketi, wakazungumza habari za bahari na za marehemu wengine, na mpaka adhuhuri yule mgonjwa alikuwa ameshauliza mwenyewe swali lenyewe. Mimi nasema tulipoingia hospitalini tulibaki na ile hofu ya kusema, na ule ufundi wa kusema tukauacha nje ya mlango.

Kyaka_Kagera alijibu:

Naheshimu yaliyosemwa, lakini naomba tusiende haraka. Mama yetu aliambiwa na daktari kijana, katika ukumbi wa hospitali moja ambayo sitaitaja, akiwa bado amesimama na watu wakipita, kwamba imebaki miezi michache. Hakuulizwa kama anataka kujua, wala hapakuwa na mtu wa kumshika mkono. Tangu siku ile alikataa chakula na hakutaka kuonana na mtu, na sisi hatukuwahi kumrudisha katika hali yake. Daktari yule angeweza kujitetea kwamba alitimiza haki ya mgonjwa. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, ila inaacha nafasi pale panapokuwa na ushahidi wa nguvu kwamba kumweleza ni kinyume cha manufaa yake. Naona busara katika nafasi hiyo, na ningependa wanaotetea ukweli waitambue pia.

Mwanakwetu_Tanga alijibu:

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Ndugu wa Kagera, pole sana kwa yaliyomkuta mama. Nimeyasoma maelezo yenu mbele ya baba mdogo, na yaliyomgusa zaidi ni ya Mzee Bin Lamu, kwa kuwa baba ana shamba ambalo mipaka yake anaijua yeye tu, na ana ndugu ambaye hawajasemezana siku nyingi. Amekubali kwamba daktari amwulize baba anataka kujua kiasi gani, na kwamba rafiki yake wa tangu ujanani awepo. Lakini limebaki jambo moja ambalo sote tunaliogopa. Mimi ndiye ninayelala naye chumbani. Akiniuliza usiku, kabla daktari hajafika, kama atapona, nimjibu nini?

Muuguzi_Shufaa alijibu:

Ndugu yangu, usimwambie kwamba atapona, na usimwambie kwamba hatapona. Keti, kwa maana mgonjwa hupima kwanza kama una haraka, kisha mwulize yeye mwenyewe anaionaje hali yake na amekuwa akiwaza nini. Baada ya kuuliza, nyamaza kweli, hata kama kimya kitakuwa kirefu kuliko unavyoweza kukistahimili. Akisema anahisi huu si ugonjwa wa kuondoka, usimkatize kwa kumtia moyo. Mwambie kwamba na wewe una hofu, kwamba majibu kamili anayo daktari, na kwamba siku ya kuzungumza naye utakuwa hapo hapo. Akibadilisha mazungumzo na kukuuliza habari za mifugo, mfuate huko huko, maana amekuonyesha anapotaka kusimama kwa usiku huo.

Ndugu wa Kagera, pole sana, na ulichokisema ni cha haki. Yaliyomfika mama yenu ndiyo yanayokatazwa na mwongozo unaotumiwa sana katika tiba ya saratani, uliochapishwa mwaka 2000 ukiwa na hatua sita. Mahali pa faragha ndiyo hatua ya kwanza, kujua mgonjwa anaelewa nini tayari ni ya pili, kumwuliza anataka kujua kiasi gani ni ya tatu, na habari yenyewe haitolewi mpaka hatua ya nne. Daktari yule aliruka zote tatu akaanzia katikati.

Kwa Mwanakwetu, liko jambo ambalo halipaswi kusubiri mazungumzo yoyote. Saratani ya kongosho huleta maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, na mgonjwa ambaye hajaambiwa jina la ugonjwa wake mara nyingi hupewa dawa ndogo za maumivu ili asishuku lolote. Ulizeni kesho asubuhi kama hospitali yenu ina kitengo cha tiba shufaa na kama wana mofini, dawa kali ya maumivu, ya maji ya kunywa. Huhitajiwi kumweleza baba chochote ili aipate. Inatosha aseme mwenyewe panapouma na maumivu yakoje, nanyi mkimsikiliza msimpunguzie maneno yake mnapoyafikisha kwa daktari.